Sita, Halafu Nane

Nilitoka Taveta nikiwa nimelala juu ya magunia ya vitunguu. Dereva alikuwa ameniambia siku moja na nusu. Tulitumia siku tano. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, na ile haja ya kuondoka ambayo hadi leo, nikiwa nimepita arobaini, haijanitoka. Tulipita Voi, tukazunguka Nairobi pembeni, tukapanda Thika, na tulipoupita mji wa Embu kidogo tu, springi ya nyuma ikakatika. Tukakaa kando ya barabara siku mbili tukingoja nyingine ipatikane. Mvua ilinyesha siku zote mbili.

Vitunguu vilikuwa vya wenyewe wanne. Kila mmoja alikuwa amechora alama yake kwenye magunia kwa makaa: msalaba, duara, mistari miwili, na kitu kama jembe. Mvua ilikuwa inazifuta mbele ya macho yetu. Dereva alizunguka lori akitukana mawingu. Nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya bahasha ya cheti changu gunia gani liko wapi, safu kwa safu, kabla makaa hayajaisha. Tulipofika soko la Gakoromone, Meru, wale wanne walikuwa wanatungoja, na hakuna gunia lililokuwa na alama. Wawili walikuwa wameshashikana mashati. Nikapanda juu ya lori nikasoma bahasha, na walioshikana wakaachana, ingawa mmoja alisema mtu anayenuka vitunguu vyake hivyo lazima amekula nusu gunia.

Mnunuzi mmoja wa viazi, mtu wa Kibirichia, alikuwa amesimama akitazama. Akachukua ile bahasha, akaitazama hati yangu. Akasema kuna maabara ya mbegu nje ya mji, barabara ya kwenda kwao, wanatafuta mtu anayeandika herufi zinazosomeka. Nikapanga chumba Majengo, nyuma ya duka la nyama, na wiki iliyofuata nikaanza kibarua.

Maabara ilikuwa nyumba ndefu ya mawe yenye wafanyakazi saba tu, nikiwemo. Tulikuza miche ya waru ndani ya mirija ya kioo. Waru ndiyo viazi, na huko juu hakuna anayeviita vingine. Kila mrija ulikuwa na rojorojo kidogo chini yake, na mche mwembamba kama uzi wa kushonea. Mche ukikua, unakatwa vipande, kila kipande kinahamishiwa mrija mpya, nacho kinakuwa mche kamili, ndugu pacha wa ule wa kwanza. Ukitazama kwa macho, mche wa aina moja na wa aina nyingine ndani ya kioo ni kitu kimoja. Kinachoitenganisha ni lebo. Lebo ikipotea, aina imepotea, hata kama mche uko mbele yako unakua.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa mama wa makamo kutoka nyanda za chini za Embu, upande wa Mbeere. Alikuwa pale tangu maabara ilipofunguliwa. Alikaa mbele ya sanduku la kioo lenye moto mdogo wa spiriti, anapitisha kisu kwenye moto, anakata, anahamisha, na mkono wake haukutetemeka hata lori likipita nje. Sheria yake ilikuwa moja. "Jina kwanza, mche baadaye," aliniambia siku ya kwanza. "Ukihamisha kabla ya kuandika, umezaa mtoto wa barabarani."

Mirija ilikaa kwenye vibao vya mbao, kila kibao matundu kumi, kila tundu na aina yake. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kuwa kwenye vibao vyake hakukuwa na saba. Alihesabu moja hadi sita, kisha nane, tisa, kumi, kumi na moja. Mirija kumi, lakini wa mwisho umeandikwa kumi na moja. Nilidhani amekosea, nikamwambia.

"Sijakosea," akasema bila kuinua macho. "Kwetu kitu kinachoota hakihesabiwi na hiyo namba."

Baadaye, tukinywa chai, alinieleza kidogo. Nyumbani kwao hiyo ndiyo namba ya kiapo na ya laana. Mama yake alipohesabu mbuzi alisema sita, ile nyingine, nane. Si wote kwao walioshika hilo tena. Yeye alikuwa mtu wa kanisa na alishika. Hata saa saba hakuitaja, aliiita saa ya kula. Nikamtania kwamba saba ni Kiswahili, laana ya kwao itaijuaje.

"Kwani laana inahitaji kwenda shule?" akaniuliza.

Miaka yote hiyo haikumdhuru mtu. Lebo zilikuwa zake, daftari lilikuwa lake, na waliokuja wakajifunza kwamba kibao cha mama huishia kumi na moja. Nami nikazoea. Baada ya miezi mitatu nilikuwa naandika vigingi vya shambani kwa kuruka vilevile, kama mtu anayeruka ngazi mbovu nyumbani kwake bila kuitazama.

Mwaka wa pili mambo mawili yalikuja karibu kwa pamoja. La kwanza ni shamba la Kibirichia. Mkulima mmoja wa huko, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia ya sufu na mdomo mkali, alikuwa amepoteza waru misimu mitatu mfululizo kwa mnyauko. Ule ugonjwa huishi udongoni. Jioni mmea umesimama, asubuhi umelala kama umepigwa na maji ya moto. Ndugu zake walitaka shamba lote la baba yao likodishwe kwa watu wa ngano, na walikuwa wamempa msimu mmoja tu wa kulipanda lote tena. Akija kushindwa wa nne, trekta inaingia. Yeye akaja maabara akasema tuchukue pembe ile iliyo mbaya kuliko zote, tupande aina zetu kumi, na ikibaki hata moja, ataipanda hiyo hadi mlangoni.

Tukapanda. Nilipigilia vigingi mwenyewe, moja hadi sita, nane hadi kumi na moja. Mkulima alihesabu akacheka.

"Wewe wa karatasi, shule yenu ya Taveta haikufika saba?"

Nikamwambia ni desturi ya mama wa maabara. Akasema basi mwacheni, nyanya yake alikuwa vivyo hivyo.

Mwezi wa pili pembe ile ilianza kulala. Nne, mbili, kumi. Tisa ilianguka kwa siku mbili. Mwishoni mimea mingine ilikuwa imedhoofika na nane peke yake imesimama, shina lake zambarau, maua yake zambarau, majani yakilia kwa upepo kama hakuna kilichotokea. Mkulima alirarua kitambaa chekundu akakifunga kwenye kigingi cha nane. Aliniuliza mara mbili kama nimeandika.

Jambo la pili lilikuwa kompyuta. Ilikuja na kioo kinene kama runinga, na mashine ya kuchapa lebo za kunata, na kijana wa mjini wa kuiendesha. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mikono, na aliona kila kilichokuwapo kabla yake kama takataka. Daktari wetu, yaani mtaalamu wa mimea aliyesimamia maabara, alitaka lebo zote za mkono zibadilishwe. Kijana akakuta vibao vya matundu kumi vyenye kumi na moja. Mashine ilikuwa imepangwa kwa kumi, ikakataa. Akacheka akasema hawa akina mama hawajui kuhesabu, akaiacha kompyuta ijaze yenyewe, moja hadi kumi, kwa kufuata matundu. Kila mrija ukapata lebo safi yenye mistari. Mrija wa mama wa nane, uliokaa tundu la saba, ukawa saba. Wa tisa ukawa nane. Mama alikuwa likizo wiki hiyo. Aliporudi alizitazama lebo mpya za kibao kimoja, akasema tu kwamba karatasi ya kunata huachia kwenye baridi.

Kisha ikaja siku ya kuhamisha matokeo ya Kibirichia kutoka daftari langu kwenda kompyuta. Mimi nilisoma, yeye aliandika. Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nilisoma moja, imenyauka. Mbili, imenyauka. Tulikwenda hivyo hadi sita. Nikafungua ukurasa.

"Saba?" akauliza, vidole vikiwa tayari.

"Hakuna," nikasema.

Akaandika. Nikaendelea: nane, nzima, mavuno mazuri. Tisa, imenyauka. Kumi, imenyauka. Kumi na moja.

"Buda, kumi na moja haiko," akasema. "Hii mashine inajua kumi."

Kumi na moja ilikuwa imenyauka pia, kwa hiyo sikuona hasara. Nikafunga daftari. Sikuuliza alichoandika kwenye saba. Mimi nilikuwa nimesema hakuna, nikimaanisha namba hiyo haipo. Yeye aliandika kwamba mmea haukuota.

Ripoti ikatoka, safi, imechapwa. Namba nane izalishwe kwa wingi kwa ajili ya Kibirichia. Namba saba, haikuota, itupwe. Miezi ikapita. Nyumba ya wavu ikajaa waru za mbegu za nane. Mkulima alikuwa ameshalima shamba lote, si ile pembe tu. Yule mnunuzi wa viazi wa Gakoromone alinisimulia kuwa ndugu za mkulima walikwenda wakasimama kwenye mpaka wakatazama, wakaondoka bila kusalimia.

Siku moja kabla lori halijapakia, nilikuwa namwagilia miche ya mwisho ndani ya nyumba ya wavu. Ilikuwa imechelewa kuondolewa na ilikuwa imetoa maua. Maua meupe. Niliinama nikatazama mashina. Kijani.

Nilichomoa daftari langu mfukoni. Nane ya Kibirichia, shina zambarau. Tisa, shina kijani, maua meupe, imelala kwa siku mbili. Nilisimama na mpira wa maji ukimwagikia viatu vyangu hadi nilipoelewa. Nane ya kompyuta ilikuwa tisa ya shambani. Tulikuwa tumejaza nyumba nzima kwa mmea uliokufa upesi kuliko yote, na kesho yake tulikuwa tunampelekea mtu ambaye ndugu zake walikuwa wanamngoja mpakani. Na ile nane ya kweli ilikuwa imekaa tundu la saba.

Saba ilikuwa itupwe.

Vitu vya kutupwa hulimbikizwa, kisha hupikwa kwenye jiko la mvuke, na siku ya kupika ilikuwa hiyo. Nilipofika, chupa na vibao vilikuwa vimepangwa sakafuni mbele ya jiko, na mpishi wake alikuwa amekwenda kuchukua funguo. Nilipiga magoti nikavipekua. Nikakuta kibao cha mirija kumi iliyokusanywa kutoka vibao vyote, yote imeandikwa saba, nikakiweka kifuani chini ya koti nikatoka nacho kama mwizi wa kuku.

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa mbele ya moto wake. Nilimwonyesha kibao, daftari, na ua moja jeupe nililolichuma. Alielewa kabla sijamaliza. Alizima moto, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya katikati ya kazi.

"Niachie mimi," akasema. "Kesho asubuhi kabla lori halijapakia, mimi mwenyewe nitamwambia daktari. Nipe usiku wa leo niombe. Ni mkono wangu, mwanangu. Acha mdomo uwe wangu."

Nikamwambia sawa.

Nilitoka, nikafika kwenye kona ya nyumba, na pale hofu ikanipata. Itakuwaje asipokuja? Itakuwaje basi la kwanza la asubuhi likimchukua kwenda kwao, nami nimebaki na lori limepakiwa? Nilimwona mkulima na kofia yake. Nilijiambia ninamfikiria yeye. Sehemu moja yangu ilikuwa inamfikiria. Sehemu nyingine ilikuwa inakumbuka neno hakuna, na ilitaka hadithi isimuliwe na mimi kabla haijasimuliwa na mtu mwingine.

Nilibisha mlango wa daktari saa kumi jioni hiyo hiyo. Nilimweleza vibao visivyo na saba, tangu mwanzo, kwa utaratibu. Nilimwonyesha mirija. Alitazama ua lile muda mrefu, akashika simu akalisimamisha lori. Kisha akaniuliza swali moja: matokeo ya saba, nani aliandika haikuota? Nikasema ni kompyuta. Hivyo ndivyo nilivyosema. Nilisema ni kompyuta, akaridhika.

Mama akaitwa. Kijana wa kompyuta naye akaja akasimama mlangoni. Mama aliponikuta nimeketi, daftari likiwa wazi juu ya meza ya daktari, hakunitazama tena.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Hakupaza sauti. Alisema desturi ni desturi, hatamuuliza imani yake, na kazi yake anaijua kuliko wote. Anachotaka ni kitu kimoja: kuanzia leo aandike kama mashine inavyoandika. Akampa karatasi ya lebo kumi na kalamu.

"Hata hapo kwa kanisa si kuna siku ya saba, mama?" kijana akasema, kwa nia ya kumsaidia nadhani.

"Hiyo ni ya Mungu," akajibu. "Siihesabu mimi."

Akaandika moja. Akaandika mbili. Mwandiko wake ulikuwa ule ule, mdogo, umesimama. Alipomaliza sita alishikilia kalamu juu ya karatasi, na sisi watatu tukawa tunaitazama ncha yake. Nilitamani aandike. Niliomba aandike, mimi nisiyeomba. Ncha ilishuka ikagusa karatasi, ikaacha nukta.

Akaweka kalamu chini, taratibu, sambamba na karatasi. Akaenda kunawa mikono kwenye sinki, akavua koti jeupe, akalitundika kwenye msumari wake. Daktari alimwita. Akageuka akamwambia kwa heshima kuwa hawezi, na kwamba mtu asiyeweza kuandika asishike mirija ya watu. Alikuwa sahihi hata katika hilo.

Mbegu sahihi hazikuwapo kwa wakati. Tulichukua ile mirija kumi, tukaikata na kuihamisha, tukaikata tena, wiki baada ya wiki, nikiwa mimi sasa mbele ya moto, mkono ukitetemeka kila gari likipita. Tulipata vipandikizi vya kutosha robo ya shamba. Nilivipeleka Kibirichia mwenyewe nikiandamana na daktari. Mkulima alisikiliza habari yote akiwa amevua kofia. Nilitegemea atutukane. Alitazama shamba lake lililolimwa hadi mlangoni, akatazama trei zetu chache, akasema robo ni robo.

Ile robo ilisimama. Shina zambarau, maua zambarau, katikati ya udongo ulioua kila kitu. Ndugu zake walikuja siku ya kuchimba. Mkubwa wao alichimbua shina moja kwa mkono, akazipima waru kiganjani, akarudi nyumbani kunywa chai na mkulima, mdogo wake. Trekta haikuingia.

Mimi nilibaki mwezi mmoja zaidi. Kijana wa kompyuta alinipenda, alinifundisha kuchapa. Kila lebo iliyotoka kwenye mashine ilikuwa na saba yake mahali pake, na kila mara nilipoibandua ilinata kwenye kidole. Siku moja niliacha ufunguo wa chumba cha Majengo kwa mwenye duka la nyama, nikachukua begi na ile bahasha, nikapanda gari la kuelekea Embu. Sikumuaga daktari.

Nilishuka njia panda, nikatembea kuteremka hadi joto likabadilika na udongo ukawa mwekundu wenye mawe. Nilimkuta mama ameketi mkekani akichambua pojo, akitenga zilizotobolewa. Alinikaribisha, akaniletea uji. Aliuliza habari za Kibirichia nikamweleza yote, akaitikia kwa kichwa. Alifurahi kweli. Kisha nikamweleza nililokuja kusema: siku ya kusoma daftari, swali la saba, na jibu langu. Na kwamba daktari aliponiuliza nilisema ni kompyuta.

Aliendelea kuchambua. Nilisikia pojo zikidondoka kwenye ungo.

"Ningemwambia," akasema. "Asubuhi ile ningemwambia yote. Na hiyo 'hakuna' yako, nilikuwa nimeisikia. Mlango ulikuwa wazi. Hiyo ningekunyamazia."

Nilimaliza uji kwa sababu aliniangalia hadi nikaumaliza.

Jua lilipolegea alifungua zizi mbuzi watoke tena, akasimama mlangoni na fimbo, akiwagusa mgongoni mmoja mmoja wanavyopita. Nilikuwa nimeshaweka begi begani. Gari la mwisho la kwenda Nairobi lilikuwa halingoji mtu. Nilisimama nyuma yake nikahesabu pamoja naye kimoyomoyo, nne, tano, sita. Mbuzi mweusi alipita kati ya fimbo na mlango, yeye akavuta pumzi, nami nikaivuta. Kisha tukasema nane.